Nani Aliiua Injini ya RX-8?

Gari la rotari likifa changa, hukumu huwa imeshatoka kabla fundi hajafungua boneti: aliyelinunua likiwa jipya hakulizoesha vizuri. Alikanyaga mno wiki ya kwanza, au hakukanyaga vya kutosha; inategemea umemuuliza nani. Hukumu hii ina utamu wake. Inamwosha mtengenezaji, inamwosha fundi, inamwosha hata mwenye gari wa leo, na mzigo wote anabebeshwa mtu aliyekuwa na gari hilo Nagoya au Birmingham miaka kumi na kitu iliyopita. Asiyekuwapo na lake halipo.

Nitashughulika hasa na Mazda RX-8, iliyotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, kwa kuwa ndiyo rotari ambayo msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuikuta yadi ikiwa inang'aa, na bei yake inashawishi kuliko inavyostahili. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kilomita elfu moja za kwanza zina uzito wake, lakini ni uzito mdogo ukiupima na yanayofuata. Injini hizi huuawa na uhaba wa oili kwenye kuta zake, na joto, na koili zilizochoka ambazo hakuna aliyejali kuzibadilisha. Mguu wa mwenye gari wa kwanza ni mshitakiwa wa mbali sana.

Tuanze na dai kubwa kuliko yote, kwamba rotari ni injini ya kufa tu, uizoeshe usiizoeshe. Dai hili lina historia, na historia yenyewe ni nzuri. Mjerumani Felix Wankel aliona injini yake ya kwanza ikinguruma mwaka 1957 katika kiwanda cha NSU, mjini Neckarsulm. Badala ya pistoni inayopanda na kushuka, kuna rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo kama la nane lililonenepa kiunoni. Kila ncha ya rota imebeba kipande chembamba cha chuma, tukiite sili ya ncha, kinachoteleza ukutani na kutenganisha chumba kimoja na kingine. Sili ikishindwa kushikana na ukuta, kompresheni inavuja, na injini isiyo na kompresheni ni pambo la gereji.

Mwaka 1967 kampuni mbili zilipeleka sokoni magari yenye rota mbili. Mazda ya Hiroshima, iliyonunua leseni kutoka NSU mwaka 1961, ilitoa Cosmo Sport mwezi Mei. Miezi michache baadaye NSU wenyewe wakatoa Ro 80, gari zuri kiasi kwamba lilitawazwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1968. Ya Ro 80 yanajulikana. Sili za ncha zililika mapema, injini zikaanza kurudi kiwandani gari likiwa bado na harufu ya dukani, na NSU, kwa ungwana uliowagharimu, ikawa inazibadilisha kwa dhamana. Husimuliwa kwamba wenye Ro 80 walipokutana njiani walinyoosheana vidole kuonyesha kila mmoja amefikisha injini ya ngapi. Mwaka 1969 NSU iliunganishwa na Auto Union chini ya Volkswagen, na gharama za dhamana zilichangia kuidhoofisha hadi ikafika hapo.

Upande wa pili, wahandisi wa Mazda chini ya Kenichi Yamamoto walikuwa wameshapambana na ugonjwa uleule kabla ya kuuza gari hata moja. Injini zao za majaribio zilichorwa mistari ukutani, mawimbimawimbi, wakaiita makucha ya shetani. Chanzo chake kilikuwa mtetemo: sili ilikuwa ikirukaruka ukutani badala ya kuteleza. Walibadilisha umbo la sili ili masafa ya mtetemo wake yahame, kisha wakaishia kwenye sili ya kaboni iliyonyweshwa alumini. Mwaka 1968 Cosmo mbili ziliingia mbio za saa 84 katika uwanja wa Nürburgring. Moja ilitoka zikiwa zimebaki saa chache. Nyingine ilimaliza ya nne.

Kwa hiyo kanuni ni ileile na mwaka ni uleule, lakini majaliwa mawili tofauti kabisa. Tofauti hiyo haikuletwa na wanunuzi wa Kijerumani kukosa adabu kilomita za kwanza. Ilitokana na sili, na majaribio yaliyofanywa kabla ya kuuza. Nikiongeza kwamba Mazda 787B yenye rota nne ilishinda Le Mans mwaka 1991, ikizunguka mara 362 ndani ya saa 24, mtu atanijibu kwamba ile ilikuwa injini ya mashindano yenye sili za kauri, na atakuwa sahihi. Ushindi ule hausemi lolote kuhusu gari la kwenda nalo kazini. Unachosema ni kwamba hakuna laana ndani ya pembe tatu yenyewe.

Dai linalofuata huja na sauti ya hekima: gari jipya la rotari liendeshwe polepole, usivuke mizunguko 3,000 kwa dakika hadi kilomita elfu kadhaa ziishe. Linafanana na wasia wa wazee, ndiyo maana halihojiwi. Kitabu cha mwenye gari cha Mazda hakisemi hivyo. Kinasema hakuna uzoeshaji maalumu unaohitajika, kisha kinatoa tahadhari chache kwa kilomita 1,000 za kwanza: usipige resi bure, usikae muda mrefu kwenye mwendo mmoja usiobadilika, uwe wa polepole au wa kasi, usikanyage hadi mwisho kwa muda mrefu, usiondoke kwa fujo, na usifunge breki kwa ghafla bila sababu. Angalia hapo pa mwendo mmoja. Aliyetoka yadi na kwenda kilomita mia tatu kwa mwendo wa sitini bila kubadilisha chochote, akiamini anailea injini, amekiuka maelekezo sawasawa na yule aliyekanyaga.

Sababu yake iko ndani ya chumba. Kinachozoeana katika rotari ni nyuso: sili za ncha na ukuta wa kromu, sili za ubavu na bamba za chuma zilizofunika chumba kulia na kushoto, pamoja na beringi za shafti. Sili husukumwa ukutani na springi ndogo, na presha ya gesi, na nguvu ya mzunguko wenyewe. Ukitaka zikae sawa katika hali zote, zipitishe katika hali zote, hatua kwa hatua, injini ikiwa imepata moto wake. Ukizifungia chini ya mizunguko 3,000 umezizoesha theluthi ya chini tu ya kazi yao, kwa maana RX-8 ya gea sita za mkono ina mstari mwekundu kwenye 9,000. Na mizunguko hiyo ni ya shafti. Rota yenyewe huzunguka mara moja shafti ikizunguka mara tatu, kwa hiyo sindano ikisoma 9,000, rota iko 3,000. Dereva aliyehamia kutoka Corolla anaisikia injini ikilia 5,000 anadhani ameiumiza. Hajaiumiza. Kinachoiumiza ni kupanda mlima kwa gea ya nne, mguu chini, sindano ikisoma 1,800. Hapo mzigo ni mkubwa, mizunguko ni haba, na pampu inayolisha oili haijafika kwenye kiwango cha kazi hiyo.

Upole ukizidi, una adhabu nyingine inayokuja baadaye. Rotari huunguza oili kidogo kwa makusudi, na oili iliyoungua huacha masizi. Masizi yakijikusanya kwenye mifereji ya sili, sili zinaganda na kushindwa kuchomoza. Injini ya RX-8, inayoitwa Renesis, ilihamishia matundu ya kutolea moshi ubavuni kutoka ukutani, hatua iliyosaidia sana kupunguza moshi mchafu na ulaji wa petroli, lakini ikaziweka sili za ubavu zipite juu ya tundu la moto kila mzunguko. Injini inayotumika kupeleka mtoto shule na kurudi, haipati moto na haivutwi kamwe hadi juu, ndiyo inayojaza masizi. Kwa hiyo yule mzee wa heshima aliyekuwa na RX-8 yenye kilomita chache, kila mara mwendo wa mchana wa Ramadhani, hajakuachia dhahabu kama dalali anavyodai.

Sasa upande wa pili wa barabara wamesimama wanaosema kinyume: kanyaga tangu siku ya kwanza, la sivyo haitashika kompresheni maisha yake yote. Hawa hawakulitoa dai lao hewani. Wamelikopa kwenye injini za pistoni. Ukuta wa silinda ya pistoni hutoka kiwandani ukiwa umekwaruzwa mistari ya kukatana, na ringi husagana na vilele vya mikwaruzo hiyo hadi zishikane. Kazi hiyo hufanywa na presha ya gesi, na hufanyika mapema. Baada ya muda vilele vimeshalainika na nafasi imepita. Mtu akikuambia pikipiki mpya isidekezwe mno, ana hoja ya kusikilizwa.

Rotari haina mikwaruzo hiyo. Ukuta wake una tabaka gumu la kromu lenye vinyweleo vidogo mno vya kushikilia oili. Hakuna vilele vya kusagwa haraka, hivyo hakuna dirisha linalofungwa baada ya kilomita mia. Kuna nyuso mpya ambazo bado zinasuguana kidogo kupita kiasi na kutoa joto pale zinapogusana, na joto hilo ndilo sababu ya kuwa na subira. Kukanyaga hadi mwisho siku ya kwanza hakukupi faida yoyote ya kiufundi katika injini hii. Kunakupa furaha, na siidharau furaha, ila tusiite uhandisi.

Injini baridi ni habari tofauti, na hapa sina utani. Alumini ya ukuta na chuma cha bamba za ubavu havitanuki kwa kipimo kimoja joto linapopanda, na oili nzito ya asubuhi haijafika kila mahali. Mazda wenyewe walilifikiria hili kiasi kwamba RX-8 za toleo la pili, zilizoanza mwaka wa modeli 2009, zilipewa kipimo cha mizunguko ambacho eneo lake jekundu huanzia chini injini ikiwa baridi, kisha hupanda kadiri inavyopata joto. Kama kuna kitu kimoja cha kumshika nacho mwenye gari wa kwanza, ni resi za baridi. Lakini hilo si kosa la wiki ya kwanza. Ni la kila asubuhi, miaka yote, na mwenye gari wa tatu analifanya vilevile.

Nimefika kwenye oili, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo magari yanapofia.

Madai ni mawili na yanapingana, lakini utayasikia kwenye gereji moja. La kwanza: ukiona oili inapungua ujue injini imekwisha. La pili: gari jipya halinywi oili, kwa hiyo usihangaike nalo hadi sevisi. Yote mawili hayaijui injini hii. Sili za ncha hazina njia nyingine ya kulainishwa isipokuwa oili irushwe ndani ya chumba chenyewe, ikafanye kazi yake, kisha iungue na petroli. Kuna pampu maalumu ya kuipima na kuipeleka huko kidogokidogo kulingana na kazi. Kwa hiyo rotari isiyopunguza oili ndiyo ya kutilia shaka. Huenda pampu imekufa au mirija imeziba. Kupungua lita moja kila kilomita elfu mbili au tatu si jambo la kumwamsha mtu usiku, na hili ni kweli tangu siku ya kwanza, gari likiwa na plastiki kwenye viti.

Dereva aliyezoea gari la pistoni huangalia kijiti cha oili pale anapokikumbuka. Kwenye RX-8 desturi hiyo ni hukumu ya kifo yenye tarehe. Anayetembea kilomita 8,000 kati ya sevisi na sevisi bila kuongeza anaendesha nusu ya pili ya safari hiyo oili ikiwa chini ya alama, kwenye kona inakimbilia upande mmoja, na joto linapanda kwa kuwa oili hiyohiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya joto la rota. Kijiti kiangaliwe kila unapojaza tangi, au kila tangi la pili ukiwa mvivu. Ni kazi ya dakika moja. Ukitafuta uzoeshaji wenye maana kwa mnunuzi wa gari jipya la rotari, ni huu wa kujizoesha mwenyewe kufungua boneti.

Hata hivyo lawama yote isimwangukie mwenye kijiti. RX-8 za mwanzo zilikuwa na pua mbili za oili kwa kila rota. Toleo la pili likaja na tatu, pamoja na pampu ya umeme inayopima kwa usahihi zaidi. Mtengenezaji haongezi pua ya tatu kwa ajili ya urembo. Kuna wenye magari ya mwanzo wanaochanganya oili kidogo kwenye petroli, ile ya injini za boti isiyoacha majivu, kama sehemu moja kwa mia mbili hivi. Kitabu hakiwaagizi kufanya hivyo. Mimi nawaelewa, na kwa gari la zamani naona wana hoja kuliko wanaowacheka.

Kwamba oili ya sintetiki huua rotari: hapana. Wasiwasi wa asili ulihusu masalio yanayobaki oili ikiungua, na baadhi ya sintetiki za zamani hazikuungua vizuri. Chagua yenye majivu kidogo na uzito ulioandikwa kitabuni, ubadilishe mapema, mjadala uishe. Nimeona watu wakigombana mwaka mzima kuhusu chapa ya oili na hakuna hata mmoja wao aliyegusa kijiti mwezi huo.

Kuna dai jingine linaloonekana dogo: eti hakuna ubaya kuliwasha gari mara moja, kulisogeza litoke njiani, na kulizima. Kwa magari mengi hakuna. Kwa RX-8 ubaya upo. Injini baridi hupewa petroli nyingi, na ukiizima kabla haijapata moto petroli hiyo hubaki ndani, inalowesha plagi na kuosha utando wa oili ukutani. Kesho yake stata inazungusha, injini inakataa, betri inachoka, na mwenyewe anapiga simu kusema gari limenoki. Halijanoki, limefurika tu. Lakini kila furiko ni sili zinazosuguana na ukuta mkavu, na furiko juu ya furiko hupunguza umri. Magari mengi mapya yalionja haya kabla ya mnunuzi, maana gari la maonyesho na la yadi husogezwa hatua kumi kumi, asubuhi na jioni. Akitafutwa aliyeizoesha vibaya injini hii, mara nyingine atapatikana kijana mwenye funguo za yadi, na jina lake haliko kwenye kadi ya gari.

Koili sasa. Dai ni kwamba koili na plagi ni mambo ya kuwasha gari tu, zikichoka gari litakosa nguvu kidogo na basi. RX-8 ina koili nne, na kila rota ina plagi mbili, moja ikitangulia na nyingine ikifuatia. Koili za gari hili huchoka bila kelele. Gari linavuta kidogo chini ya jana, linakula petroli kidogo zaidi, dereva anazoea. Wakati huo petroli isiyoungua inateremka hadi kwenye katalisti, lile tungi la kusafisha moshi kwenye eksozi, na kuungulia humo. Tungi linapata joto lisilo lake, matundu yake yanayeyuka na kuziba. Moshi ukikosa pa kutokea, joto linarudi kwenye injini, moja kwa moja kwenye sili za ubavu nilizozitaja. Mlolongo huu wote waweza kumalizika ndani ya miezi michache, na ulianza na kifaa cha bei ya matairi mawili. Kisha mwenye gari anasimulia kwamba injini ilikufa ghafla, bila dalili, na kwamba bila shaka mwenye gari wa kwanza hakuizoesha.

Nije kwenye dai la wauzaji, kwa sababu lina pesa ndani yake: injini ikifa ndani ya dhamana, dereva ndiye aliyeiharibu, na uthibitisho ni kwamba nyingine za aina hiyohiyo zinatembea. Mantiki hii ingekuwa na nguvu kama mtengenezaji mwenyewe angeisimamia. Hakuisimamia. Kwa RX-8 za modeli 2004 hadi 2008, Mazda ya Marekani iliongeza dhamana ya kiini cha injini hadi miaka minane au maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000, kimojawapo kikitangulia. Kampuni hairefushi dhamana ya kitu ghali kuliko vyote ndani ya gari kwa kuwahurumia madereva wabovu. Sisemi kwamba kila injini iliyokufa ilikuwa na kasoro ya kiwandani. Nasema kwamba anayetaka kumvisha mnunuzi kosa alete ushahidi, na ushahidi wenyewe unapimika. Kompyuta ya gari, rekodi ya oili, hali ya plagi, na vipande vyenyewe injini ikifunguliwa, vyote vinasema. Ukuta ulioungua kwa kukosa oili haufanani na sili iliyovunjwa na petroli iliyolipuka kabla ya wakati. Fundi anayekuambia "hukuizoesha" bila kuifungua anakupa maoni yake, na maoni hayatoshi kukulipisha injini.

Kwetu Afrika Mashariki suala linageuka kidogo. Hakuna RX-8 mpya tena, na Kenya, ambayo hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia, ilishalifungia mlango gari hili. Yaliyopo yamekuwa yakipita mkono hadi mkono. Kwa hiyo uzoeshaji unaotuhusu ni wa injini iliyofunguliwa na kufungwa upya, na hapa dai la mtaani ni kwamba injini ya oveholi ichukuliwe kama mpya ya kiwandani, sheria zilezile. Si kweli, na hapa ndipo wenye tahadhari nyingi wana haki kuliko wanaokanyaga. Kiwandani sili mpya hukutana na ukuta mpya. Gereji, mara nyingi sili mpya hukutana na ukuta uliotumika, pengine na bamba za ubavu zenye mifereji myembamba iliyochimbwa na sili za zamani. Nyuso hizo hazijuani kabisa. Zinahitaji kilomita nyingi zaidi kupatana, oili ibadilishwe mapema sana ili kutoa chembe za chuma, na mizunguko ipandishwe pole pole wiki baada ya wiki. Mwulize aliyeijenga anataka kilomita ngapi na mizunguko mingapi, kisha mfuate yeye, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ametumia vipande gani. Akijibu kwamba haidhuru, tafuta fundi mwingine kabla hujamlipa wa kwanza.

Na usiamini masikio. Injini ya rotari iliyochoka huweza kuwaka vizuri asubuhi ikiwa baridi na kukataa mchana ikiwa moto, baada ya kusimama dakika kumi mbele ya duka; hiyo ni dalili mbaya kuliko moshi wowote. Dawa ya ubishi ni kupima kompresheni, injini ikiwa na moto, kwa kifaa cha rotari chenyewe. Kila rota ina nyuso tatu, hivyo injini ya rota mbili inatoa namba sita. Kiwango cha chini cha Mazda kwa Renesis ni kilopaskali 680 stata ikizungusha mizunguko 250 kwa dakika, na namba hizo sita zisiachane sana. Kwa kipimo cha kawaida cha pistoni utapata namba moja kwa kila rota, ile ya uso wenye nguvu kuliko wenzake, na ule ulio dhaifu, ambao ndio unaotaka kuujua, utabaki umejificha nyuma yake.